Eti Mama Umwiza Amechelewa

Emerance alipoona damu chooni mara ya kwanza, alikwenda kituo cha afya cha mtaa siku hiyohiyo. Muuguzi hakumwacha hata amalize kueleza. "Ni amiba, mama. Hapa Majengo nani hana amiba?" Akampa vidonge, akaita wa nyuma yake.

Vidonge vikaisha, damu ikabaki. Aliporudi akaambiwa ni hemoroidi, mwanamke aliyezaa huwa nazo, apunguze pilipili. Akarudi tena, safari hii tumbo linamkaza na sketi zake mwenyewe zinampwaya kiunoni, akaambiwa ni mawazo. Mawazo, jamani! Emerance ana miaka thelathini na mbili. Ana watoto wawili, Umwiza na mdogo wake ambaye bado ananyonya, na kazi yake ni cherehani, kazi ya kukaa. Sasa, kwa maumivu ya kukaa, alikuwa anashona amesimama, mguu mmoja juu ya pedali. Na hakuna munganga hata mmoja pale kituoni aliyemwambia, panda kitandani nikutazame. Kule kijijini kwao Masisi hata ng'ombe akiharisha anashikwa tumbo.

Pale waganga wa kituo waliposhindwa kuangalia, mama mkwe akaangalia. Nyirakamana alimtazama mke wa mwanawe alivyokonda, akakata shauri: "Hii ni karuho."

Karuho ni ile sumu ya polepole. Unawekewa kwenye chakula, unakauka taratibu, na hospitali wanakuambia huna kitu. "Na midi unakulaka wapi?" mama mkwe akauliza, ingawa alijua. Mchana Emerance alikula kwa Dative, rafiki yake mwenye malewa, kibanda cha chakula kilicho ubavuni mwa cherehani yake. Jean-Bosco, mume wake, naye alikwisha kukubali, akaenda kutafuta pesa.

Wakampeleka kwa mtapishaji, mganga wa kienyeji anayetoa sumu kwa kutapisha. Akanyweshwa dawa, akatapika mpaka machozi, na mtapishaji akawaonyesha kitu cheusi ndani ya beseni: karuho yenyewe, ndiyo hiyo. Nyirakamana alimshukuru Mungu kwa sauti. Emerance alijisikia nafuu kidogo, na aibu nyingi, maana alikuwa ameanza kuzunguka nyuma ya nyumba ili asisalimiane na Dative. Kisha damu ikarudi, nyingi kuliko mwanzo.

Lakini maneno yalikwisha kutoka, na mwenye malewa akitajwa karuho, kazi yake imekufa. Maharage ya Dative yakaanza kulala ndani ya sufuria. Asubuhi moja akaingia kwa Emerance bila hodi, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Mama Umwiza, vaa. Tunaenda hospitali kubwa."

"Dative, mimi nimeshaenda huku na huku..."

"Hukuenda na mimi! Leo watakutazama kila kitu, mpaka kule ndani. Wakikuta sumu, wanifunge. Wasipoikuta, mama mkwe wako atakuja kukula kwangu mbele ya watu wote."

Emerance alimkasirikia Dative, akamkasirikia mama mkwe, akajikasirikia mwenyewe. Zaidi ya yote alikuwa amechoka kubishana. Akavaa.

Hospitalini, munganga kijana naye alikwisha kushika kalamu ya bic kuandika dawa ya amiba. Dative akaweka kiganja juu ya karatasi. "Dokta, huyu hatoki hapa bila kuangaliwa. Mimi niko na kesi." Kijana akacheka, akavaa glavu shingo upande. Alipomaliza kupima kwa kidole alikuwa hacheki tena. Akaita mkubwa wake. Baadaye ikapangwa kamera ya kuingia kwa nyuma, wakakata kinyama kidogo cha kwenda kupimwa, na kungoja huko, weee, usiombe.

Siku ya majibu Emerance na Dative waliingia wote wawili. Daktari mkubwa hakuzunguka. Ni kansa, akasema, iko kwenye utumbo mpana, huku chini. Lazima operesheni, ila kwanza waangalie kama imefika kwenye ini.

"Na sumu?" Dative akauliza.

"Hakuna sumu, mama."

Basi alikuwa ameshinda kesi yake. Akaketi sakafuni palepale, akashika kichwa. "Bora mungeikuta," akasema. "Bora mungenifunga."

Daktari akamgeukia Emerance. "Lakini mama, juu ya nini umechelewa hivi? Munakaaka na ugonjwa kwa nyumba mpaka..."

Hasira zikampanda Emerance mpaka akasimama bila kuhisi maumivu.

"Nimechelewa? Mimi? Nilikuja na damu, dokta, siku ileile. Nikapewa amiba. Nikarudi, eti pilipili. Nikarudi nguo zinaniangukia, eti mawazo! Mutu wa kwanza kusema niangaliwe ni huyu hapa, na alisema kwa sababu tulimwita mchawi. Mama mkwe alinipotezea siku, na mimi nilimfuata, sawa, hiyo ni yangu. Lakini kwenu nilikuja. Nilikuja!"

Daktari akavua miwani. "Pole sana, mama."

"Pole utanipa nikipona. Niko na mutoto ananyonya. Niambie operesheni ni siku gani."