Nusu ya Sentensi Msibani Chinongwe

Mama yangu anauza ming'oko kwenye stendi ya Nachingwea. Ni mizizi myembamba ya porini, tunayoichimba kiangazi ardhi ikiwa ngumu kama tofali. Anaichemsha alfajiri, anaitia chumvi na pilipili, na abiria wanaimenya kwa vidole huku basi likiondoka. Mwaka jana kijana mmoja wa Ruangwa, mwenye ukurasa wa Facebook, alipita pale, akala, akasifia, akaomba kumpiga mama picha.

"Mama, nakupaisha," alimwambia. "Wateja utawakimbia mwenyewe."

Jioni posti ikatoka. Chini ya picha ya mama akitabasamu na beseni lake, sentensi ya kwanza ilisema: "Mama huyu wa Nachingwea analisha abiria mizizi yenye sumu kila siku, na hakuna anayemzuia…" Hapo maandishi yalikatika, yakafuatwa na maneno mawili: Ona zaidi. Aliyebonyeza alikuta kwamba hivyo ndivyo wanavyosema wasioijua ming'oko, kwamba ni chakula kitamu, kwamba mama ni msafi na mcheshi. Lakini nani alibonyeza? Watu walipiga skrinshoti ya picha na mstari ule, wakarushiana kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Marambo hadi Nanganga.

Mimi naandika riwaya. Katika kundi letu la waandishi tunaweza kugombana wiki nzima kwa ajili ya sentensi ya kwanza ya mtu, tukiipima kwa sauti, tuking'oa neno moja na kulirudisha. Kwa hiyo niliisoma ya kwake kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mama alianza kurudi na beseni lililojaa. Jumapili hata wanakwaya wenzake, waliokula mkononi mwake tangu usichana, walimshukuru na kusema wameshiba. Tulikula ming'oko mchana, tukala usiku, na mama akaacha kuimba akipika. Nilimpigia yule kijana.

"Mtani," alisema akicheka, maana ukoo wake na wetu ni watani tangu kwa mababu, "mbona unawaka? Huo ni utani tu. Na posti imefika mbali hiyo! Bila mstari mkali watu hawasomi."

"Ifute."

"Nifute mtaji? Mtani bwana!"

Nikakata simu. Utani. Alikuwa amenipa silaha mwenyewe, tena kwa mpini.

Kiangazi hicho hicho babu yake alifariki, Chinongwe. Tulikwenda kuzika kama watani wanavyotakiwa. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na atakayenuna ndiye atakayechekwa. Tuliporudi kutoka makaburini, watu wakianza kugawiwa ugali, nilijifunga kibwebwe, nikavaa kofia ya pama ya marehemu, nikasimama katikati ya uwanja.

"Wafiwa! Nina posti!"

Wakaanza kucheka kabla sijasema neno.

"Mjukuu huyu wa marehemu," nikamwonyesha kwa kidole, "juzi tu, Nanganga, ameonekana akitoka kwenye nyumba moja yenye pazia mlangoni, suruali kaishika mkononi, anatazama huku na huku…"

Nikanyamaza. Nikaketi.

Uwanja ulilipuka. "Endelea, mtani!" "Nyumba ya nani?" "Malizia, usituue!"

"Bonyezeni ona zaidi," nikasema, nikavuta sahani yangu.

Ilikuwa kweli tupu, nilimwona nikiwa ng'ambo ya barabara. Nyumba ni ya mzee fundi cherehani, suruali ilikuwa imetoka kupunguzwa urefu kwa ajili ya mazishi, na kijana alikuwa anatafuta bodaboda.

"Nilikwenda kwa fundi!" alipiga kelele.

"Fundi, eti!" Wazee wakajipiga mapaja. Mkewe hakucheka. "Nitaamini nikisikia kwa huyu," alisema, akaninyooshea kidole. Ugali ule ulikuwa mtamu ajabu.

Alinifuata njiani. "Mtani, malizia, nakuomba. Mke wangu hasemi na mimi."

"Si utani tu?"

"Nitaifuta ile posti leo hii."

"Wameshaisoma. Njoo stendi. Beseni la mama likiisha, nitazungumza na mkeo."

Alikuja, shati limepigwa pasi, akasimama kando ya mama. "Ming'oko! Mimi ndiye niliyeandika ule upuuzi! Nitazameni, nakula!" Kila basi lilipoingia alimenya, akatafuna, akameza, akafungua mdomo waone. Makonda walimzomea. Abiria walitoa simu kwanza, halafu wakatoa mikono. Kabla jua halijapoa, beseni lilibaki na chumvi tu.

Akanijia akitokwa jasho, simu mkononi, mkewe tayari yuko hewani. Nilikuwa naipokea mama aliponivuta kanga.

"Mwanangu," alininong'oneza, "usiimalize ile sentensi leo. Kesho nachemsha mabeseni mawili."

Nikamrudishia simu yake.