Waziri Alipoteleza Ulimi

Mama Koma alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita na goti moja bovu. Kwa miaka ishirini na minane alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa Bunge, vipokea sauti masikioni, mguu juu ya kanyagio la mashine, akiandika kila neno walilosema waheshimiwa. Wenzake walimwita Koma kwa sababu angeweza kugombana asubuhi nzima juu ya alama ya mkato. Mumewe alidai ni kwa namna alivyozoea kuwaambia watu wakome.

Kazi ile ilikuwa imemwondolea woga wa wakubwa. Ukimsikiliza mtu dakika tano tano, ukarudia mara tatu pale alipomeza maneno, utamwogopaje tena? Alimjua anayesoma hotuba bila kuelewa inahusu nini, na alimjua anayekoroma. Makofi huandikwa kwenye mabano, kukoroma hakuandikwi. "Ndiyo maana ukisoma Taarifa Rasmi za Bunge," alisema, "utadhani nchi inaongozwa na watu walio macho."

Mwaka ule Rais alipeleka askari ng'ambo ya mpaka. Sheria ilikuwa fupi na wazi: askari wakiingia vitani nje ya nchi, Rais ana siku sitini. Zikiisha, ama Bunge liridhie, ama askari warudi nyumbani. Mzee akaipatia sheria dawa yake: hakuna vita, kuna zoezi. Zoezi lenye vifaru, ndege na majeneza, lakini zoezi. Na kwa kuwa hakuna vita, siku sitini zingehesabiwa kuanzia lini?

Binti wa pili wa Mama Koma alikuwa kulekule, dereva wa lori la jeshi. Alituma ujumbe mmoja tu: "Mama, huku tunafanya zoezi na watu ambao hawajaambiwa kuwa ni zoezi."

Baba yake, mpishi mstaafu wa jeshi, aliusoma akacheka. Kisha akatoka uani akasimama huko kwa muda mrefu, hafanyi chochote.

Siku moja wapinzani walimchokoza Waziri wa Ulinzi saa nzima. Kichwa kikamwaka moto, akapiga meza: "Mheshimiwa Spika, vita hivi tulivianza tarehe tatu, na tutavimaliza tukitaka sisi!" Wa upande wake wakapiga makofi bila kusikia wanachokipigia. Mama Koma alisikia. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaandika.

Alasiri akaja msaidizi wa waziri, suti imembana, ukurasa mkononi.

"Shikamoo, mama. Mheshimiwa aliteleza ulimi kidogo. Hapa tuweke 'zoezi hili'. Na hiyo tarehe ifute, haina kazi."

"Marahaba. Kanuni inaniruhusu kunyoosha lugha, mwanangu. Maana siigusi. Mheshimiwa akisema 'kitabu wangu', namsitiri. Lakini hapa kasema Kiswahili safi kuliko siku zote."

Msaidizi akamgeukia mhariri mkuu, mtu mwema aliyebakiza miezi minane astaafu, naye aliihesabu kama mfungwa.

"Dada, ni neno moja tu," mhariri akanong'ona.

"Basi lifute wewe, uweke na sahihi yako pembeni."

Mhariri akaitazama kalamu aliyonyooshewa kama ameonyeshwa nyoka. Akasema ana simu ya kupiga, akatoka.

Msaidizi akainama karibu. "Tunajua una mtoto kule. Haya yote ni uchungu wa mwana."

"Uchungu ninao, nitauficha wapi? Lakini maneno haya sikuyazaa mimi. Kayazaa bosi wako, na sauti yake imo humu. Nikufungulie, jengo zima lisikie?"

Msaidizi akaondoka bila kuaga. Mama Koma akarudisha vipokea sauti masikioni. Ukurasa ukapigwa chapa vilevile ulivyokuwa.

Siku zikapita, kimya. Kumbe kulikuwa na mbunge mmoja wa chama tawala, mwalimu mstaafu, bingwa wa kusinzia, ambaye kila wiki alipekua Taarifa Rasmi aone kama daraja la jimboni kwake limetajwa. Daraja hakuliona. Akaiona tarehe tatu. Kesho yake alisimama, miwani puani.

"Mheshimiwa Spika, mambo ya vita siyajui. Nilifundisha hesabu. Waziri amesema ni vita, na amesema vilianza lini. Leo ni siku ya hamsini na saba. Naomba mwongozo: siku ya sitini na moja tutakuwa tunavunja sheria, au na yenyewe itakuwa imegeuzwa zoezi?"

Kicheko, akaandika Mama Koma, kwenye mabano.

Spika alitafuta pa kukwepea, lakini ukurasa wenye muhuri wa ofisi yake ulikuwa mezani. Serikali ikalazimika kuja kuomba ruhusa. Ikaomba mwaka mzima. Baada ya siku mbili za makelele, Bunge likatoa siku thelathini, za kuwarudisha askari tu. Hoja ilipita kwa tofauti ya kura tisa. Rais akalitangazia taifa kwamba zoezi limefanikiwa mno, hata halina haja ya kuendelea.

Mama Koma akaletewa barua. Amehamishiwa stoo ya kumbukumbu, chini kabisa ya jengo, "kwa manufaa ya umma". Akashuka na mto wake wa kiti. Kule chini, alimwambia mumewe, kuna ubaridi mzuri na hakuna mbunge hata mmoja.

Binti alirudi siku ya ishirini na sita ya zile thelathini, amekonda, na wenzake wawili wa kikosi wakiwa wametangulia kurudi kwenye masanduku. Akalala siku mbili. Ya tatu alikaa jikoni, akamwangalia mama yake akimenya viazi.

"Mama, tuliambiwa ghafla tufunge virago. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Nani alitupigania?"

"Mwalimu mmoja wa hesabu," alisema Mama Koma. "Na waziri wenu, kwa bahati mbaya. Shika kisu, unisaidie."