Kava Elfu za Bakhit

Mimi ni mtu wa dhana. Nnasema mapema, asije mtu akaniambia mwishoni. Mama yangu, Bi Kheiria, alikuwa hivyo hivyo, na bibi aliyemzaa vilevile. Tulipokuwa Unguja, chupa ya sukari nyumbani kwetu ilikuwa ikitiwa alama kwa mkaa, ijulikane imeshuka lini. Kwa hiyo nikikusimulia habari za Bakhit wa kaseti, ujue anayesimulia ndiye aliyemwita mwizi mbele za watu.

Bakhit alikuwa na duka la mlango mmoja Ruwi, hapa Maskati tulikohamia, baina ya fundi saa na muuza vitambaa. Mtu mrefu, mkimya, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi hata mwezi wa Juni. Kaseti haitoki mkononi mwake mpaka aitazame kwenye mwanga, aizungushe kwa kalamu, aipulize vumbi. Ukiingia na haraka zako utakonda. Adhana ikiadhiniwa alizima redio zote, na baada ya sala ilikuwa lazima umkumbushe kuziwasha.

Mwaka 1993 ndipo nilipoingia dukani kwake na jambo langu. Asubuhi nilikuwa karani wizarani, Maskati, napiga chapa barua za watu. Siku za harusi nilikuwa mwimbaji, upande wa wanawake, na si uongo nikisema bibi harusi wengine walipanga tarehe kwa kuniuliza mimi kwanza. Bakhit akanirikodi nyimbo kumi za harusi, pamoja na fidla na udi. Mume wangu, Khalil, alikubali kwa masharti mawili: jina lisiwepo, na picha isiwepo. Kwenye kava likatiwa waridi. Waridi jekundu, basi. Anayenijua atanijua.

Lakini roho yangu haikuwa kwenye kaseti hiyo, ilikuwa kwenye ya pili. Mama alikuwa mtunzi. Tungo zake alizihifadhi kichwani, hakuandika hata moja, wala hakumwimbia mtu, kwa sababu zamani binti ammi yake alimwibia ubeti mmoja akauimba harusini kama wake. Toka siku hiyo, mdomo kufuli. Hata mimi mwanawe alikuwa akiniambia, "Ntakupa siku ya kurikodi, mwanangu. Si kabla." Nikamwambia aimbe mwenyewe. Akaruka. "Sauti yangu mimi sokoni? Astaghfirullahi!"

Basi tukapatana na Bakhit. Wapiga fidla walitoka mbali na hawakuwa wepesi kupatikana. Hakuweza kuwaita tena mpaka ajue kaseti ya kwanza imekubalika. Akachapisha kava elfu moja za waridi. Kila kaseti ikiuzwa, anachukua kava moja, anaigonga namba kwa mhuri, anaivisha. Siku namba elfu itakapotoka, tunarikodi tungo za mama.

"Na kwa nini tusihesabu kaseti zenyewe?" nikamuuliza. Dhana ilikwisha anza, unaona.

"Bi Nasriya, kaseti mtu yeyote anarikodi nyumbani kwake. Kava hairikodiki."

Nikamwonyesha jarida kutoka Misri, lililosema mwimbaji fulani kauza milioni. Nikamuuliza nani aliyehesabu hiyo milioni, kamhesabu mtu mmoja mmoja? Bakhit akacheka kidogo, na yeye kucheka ni nadra.

"Mara nyingi wanahesabu maboksi yaliyotoka ghalani kwenda madukani. Boksi likikaa dukani likaliwa na panya, limo kwenye hesabu. Na kaseti moja ikirikodiwa mara hamsini majumbani, hizo hamsini hazimo. Kwa hiyo anayesema milioni hajui, na anayesema kumi hajui. Mie angalau nna kava."

Maneno mazuri. Mimi maneno mazuri huyatazama mara mbili.

Mwaka wa kwanza zikatoka kava mia mbili na sitini. Wa pili, mia moja. Baadaye zikawa zinadondoka moja moja, kama bomba bovu. Huku nje, shoga yangu, nnajisikia kila mahali! Siku moja nimo kwenye teksi nakwenda kazini, dereva katia mimi. Mimi mwenyewe, wimbo wa tatu, pale ninapovuta pumzi kabla ya kiitikio. Nikajivuta abaya mpaka puani. Siwezi kusema ndiye mimi, na siwezi kunyamaza. Nikamuuliza kainunua wapi. "Kanipa shemeji yangu," akasema. Nikamtazama kwenye kioo, sikumwamini.

Nikanunua daftari. Kila niliposikia sauti yangu niliandika: teksi ya Matrah, saluni ya Bawshar, harusi ya watu nisiowajua, simu kutoka Dubai, mtu anapika huku mimi naimba nyuma. Nilipomaliza mwaka wa nne, daftari lilikuwa na pahala mia tatu na zaidi, na hapo ni mimi peke yangu na masikio yangu mawili. Namba ya Bakhit ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Nchi nzima, na Dubai, na Unguja, kaseti mia nne na kumi na mbili? Aa! Mtu huyu, nikasema, anarikodi nyuma ya pazia na kuuza bila kava, na tungo za mama zinazeekea kichwani mwake kwa ajili ya uchoyo wa mtu mmoja.

Nikamwekea mtego. Nilimtuma Wijdan, binti wa jirani, akaombe kaseti ya waridi bila kava, kwa harakaharaka. Bakhit akamwambia, "Bila kava haitoki," akairudisha rafuni. Ingekuwa mtu mwingine angetulia. Mimi nikasema, kamjua. Nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki siku tatu za likizo yangu, nahesabu wanaoingia. Akaniletea kahawa na tende kila siku, hakuniuliza nimefuata nini. Nikasema, ananilainisha.

Na mama? Kila Ijumaa nilikwenda kumtazama huko Mabela, alikokuwa akikaa na kaka yangu Yaqoob. Nilimnunulia mwenyewe redio kubwa ya milango miwili ya kaseti, awe anasikiliza Qurani chumbani kwake. Nikimlalamikia habari za Bakhit alikuwa akitazama pembeni, anakunja kanga. "Muache mtu wa watu, Nasriya. Baadhi ya dhana ni dhambi." Mama yangu kunambia mimi habari za dhana! Nikaona uzee huo.

Siku ya siku, mwaka 1998, duka limejaa watu, nikamwambia. Sikumnong'oneza. "Bakhit, wewe mwizi! Unauza sauti yangu kwa mlango wa nyuma!" Fundi saa alitoka na darubini yake jichoni. Bakhit alikwenda nyuma, akarudi na boksi, akaniwekea mikononi.

"Kava zilizobaki hizo. Zihesabu."

Nikazihesabu nyumbani. Mia tano na themanini na nane, hata moja haikupungua. Nikasema, kachapisha nyingine. Nikalitia boksi juu ya kabati na mguu wangu haukukanyaga tena Ruwi.

Wiki sita baadaye mama akapatwa na kiharusi. Kilimchukua ulimi. Mkono wa kushoto ulibaki, na kwa mkono huo alikuwa akinionyesha redio, kila nikiingia, redio, redio. Nikamtilia Qurani. Alikuwa akifumba macho, machozi yanamtoka, nami nikidhani ni khushui ya maneno ya Mungu. Miaka miwili. Akafariki mwaka 2000, mwezi wa mfungo tatu, na tungo zake zote tukazizika naye. Nililia kifo, kisha nikalia tungo, na nikimlilia mama nilikuwa nikimlaani Bakhit katika pumzi ile ile. Mungu anisamehe.

Mwaka 2004 kulikuwa na khitma Mabela. Gari letu liko kwa fundi, nikapewa lifti na Sayyida, jirani wa zamani wa mama. Sayyida ni Mwomani aliyezaliwa Tabora, Kiswahili chake cha bara, na moyo wake mweupe kama maziwa. Akawasha gari. Na nani anaimba? Mimi.

"Sayyida, hii kaseti umeinunua wapi?" Nilimkamata mkono hata gari likayumba.

"Kununua? Mama yako alinipa mwenyewe, dada Nasriya. Nilipokuja kumsalimia mara ya kwanza."

"Mama yangu? Alitoa wapi?"

"Alirikodi mwenyewe, kwa ile redio yake. Kila aliyekwenda kwake alitoka nayo. Wageni wa Unguja, wa Dubai, wauguzi waliokuja kumpima sukari, hata mtu wa gesi. Alikuwa akisema haiwezekani mgeni atoke kwake mikono mitupu, na kumuuzia mtu sauti ya mwanawe ni aibu."

Teksi, saluni, Dubai. Daftari zima lilikuwa mama yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi miaka kumi namtafuta mdudu kwenye nguo za mtu mwingine. Na kwa ukarimu ule ule aliihujumu kaseti yake mwenyewe, ile ya pili, iliyokuwa ikingoja elfu isiyofika.

Wimbo wangu wa mwisho wa upande ule ukaisha. Nikanyoosha mkono kuizima.

"Usizime!" Sayyida akanizuia. "Ndiyo kwanza inafika penyewe."

"Penyewe wapi? Zimekwisha."

"Si ni ya dakika tisini hii. Zako ni sitini tu."

Ikakwaruza kidogo. Halafu, wallahi nakwambia, mama akakohoa. Kile kikohozi chake cha asubuhi, kabla ya chai.

"Bismillahi. Sayyida mwanangu, kaseti hii imebaki nafasi. Na mie chombo cha mtu sikirudishi kitupu. Sikiliza hili dogo, usimpe mtu."

Akaimba. Bila fidla, bila udi, anagonga kitu kwa kidole, nadhani ukingo wa meza.

*Nimekupa cha moyoni, usiulize thamani,*
*hakiuzwi madukani, hakitiwi mizanini.*

Dakika kumi na tano upande huu, na Sayyida akageuza, dakika kumi na tano upande wa pili. Tungo sita. Mimi sikuwahi kusikia hata moja. Tulikaa ndani ya gari mlangoni pa watu wa khitma, hatukushuka.

"Kawthar, jirani yangu, anayo pia," Sayyida akasema, "lakini yake ina nyimbo nyingine. Mama yako hakurudia. Mimi nilidhani unajua, dada. Nilidhani wewe ndiye unazo zote."

Redio, redio, alikuwa akinionyesha. Nami nikamtilia Qurani na kumpangusa machozi.

Kesho yake nikatoa boksi juu ya kabati nikaenda Ruwi. Fundi saa alikwisha hama. Bakhit alikuwa akiuza kadi za simu, kaseti zimesukumwa nyuma, na ndevu zimekuwa nyeupe. Aliniona, akasimama, akanivutia kiti kile kile cha plastiki.

"Bwana Bakhit, nimekuja kukutaka radhi."

"Karibu kwanza, Bi Nasriya. Ukae."

"Ulijua?"

Akapanga kadi zake, kisha akajibu. "Kaseti tupu za dakika tisini alikuwa akinunua kwangu, katoni kwa katoni, anakuja na dereva. Nilimwambia, Bi Mkubwa, ukigawa hivi, elfu haitafika. Akanambia, 'Mgeni wangu atoke mitupu kwa ajili ya elfu yako?' Akaniapisha nisikwambie."

"Hata nilipokuita mwizi? Mbele za watu wote wale?"

"Amana yake ilikuwa. Na aliyeniapisha hakuja kunifungua."

Nikampa kaseti ya Sayyida, aliyoniazima. Akaitazama kwenye mwanga, akaizungusha kwa kalamu, akaipuliza. Juu yake mama kaandika kwa herufi za Kiarabu, neno moja, *zawadi*. Akaisogeza mpaka pale zangu zinapokwisha, na mama akakohoa dukani. Kumbe Bakhit hakuwahi kujua nini kilijaza nafasi ile. Alivua kofia akaiweka mapajani, akasikiliza mpaka mwisho. Mteja aliingia akaambiwa arudi baadaye.

"Wangapi waliokwenda kwake?" akaniuliza.

"Sijui. Mia nne? Mia tano? Wengine wako Unguja, wengine wamekufa."

"Tutawatafuta."

Akafungua boksi langu, akatoa kava moja ya waridi. Akatafuta mhuri kwenye mtoto wa meza, akautia wino, akagonga. Akaivisha kaseti ya mama.

"Mia nne na kumi na tatu," akasema.

Nikavuta boksi nikahesabu zilizobaki. Mia tano na themanini na saba. Nikazihesabu tena, maana mtu wa dhana ni mtu wa dhana, na Bakhit akaningojea. Nilipofika mia mbili sikuziona tena vizuri kwa machozi, ikabidi anihesabie yeye.