Sufuria Hazikunjiki

Ukitaka kumjua Lanto upesi, msikilize akiomba maji ya kunywa. Ataanza kwa kukuambia kwamba yeye ni mdogo, kwamba waliopo wamemtangulia, kwamba kama kuna lawama basi ni zake na aondolewe. Ukija kulisikia neno maji, koo lililokauka ni lako. Huku kwetu Antananarivo tumelelewa hivyo sote: mtu hasimami kusema mbele ya watu bila kwanza kujitwika makosa. Lakini wengi wetu tukienda kutafuta riziki tunaiacha desturi hiyo nyumbani pamoja na viatu vya kanisani. Lanto alitembea nayo kila mahali.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika nyumba moja ya Ambohipo, ambako wasichana hukaa ghorofani kutwa wakiweka alama kwenye nyaraka na picha zinazoletwa na kampuni za Ufaransa, ili kompyuta zijifunze kuzitambua. Mashine za nyumba ile niliziuza mimi kutoka duka langu la Behoririka: kuukuu, zilizochoka maofisini Ulaya, zenye kumbukumbu finyu. Mama Volatiana, mwenye nyumba, alikataa kuongeza kumbukumbu. Kwa hiyo ziliwekewa mfumo mwepesi, na ndani ya mfumo ule ujanja wa kushindilia. Mashine ikibanwa na nafasi, haikimbilii diski, ambayo ni nzito. Inavikunja vitu vyake palepale kwenye kumbukumbu na kuvibana, kama mtu anayepanga nguo sandukuni.

Aliyezipanga hivyo ni Tsilavo, msimamizi wa chumba. Tsilavo alikuwa pia kaka mkubwa wa Miangaly, mmoja wa wale wasichana, na Lanto alikuwa amuoe Miangaly baada ya mavuno ya mpunga.

Mashine zilikwenda vizuri muda wote kazi ilipokuwa ya maandishi, risiti na barua. Kisha mteja akaleta picha kubwa za barabara. Asubuhi ileile, wauza vitumbua hawajaondoka mlangoni, mashine zikaganda. Mshale hausogei, feni inalia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Wasichana hulipwa kwa kazi iliyokwisha, na siku hiyo hapakuwa na iliyokwisha. Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Mteja akatuma habari kwamba Ijumaa atazungumza nao kwenye skrini, na anataka kujua nani ameharibu. Asipojua, kazi anaihamisha. Fundi ni Lanto, na kichwa kilichokuwa kwenye gogo la mchinjaji ni chake. Kazi ikimponyoka, Miangaly naye basi, maana ule ukoo haukuwa wa kumpa binti mtu anayeshinda barazani akinywa maji ya ukoko wa wali.

Alikaa kando ya Miangaly, akafungua dirisha jeusi la amri, akasoma hesabu ambazo mashine huziweka yenyewe: kiasi gani imekikunja, na kimechukua nafasi gani baada ya kukunjwa. Akamwambia Miangaly afungue risiti. Zikakunjika, zikabaki theluthi. Akamwambia afungue picha za barabara. Zilivyoingia ndivyo zilivyokaa. Diski ilikuwa kimya kabisa, taa yake haikuwaka hata mara moja, na feni inapiga kelele. Akaelewa.

Alinieleza mwenyewe dukani, baada ya kuomba radhi kwa kunichukulia muda. Nguo hukunjika, sufuria hazikunjiki. Tsilavo alikuwa ameiambia mashine kwamba sanduku lina nafasi mara mbili ya ukubwa wake, kwa imani kwamba nguo zote zitakunjika, na mlango wa kwenda kwenye diski akaufunga kabisa. Zilipokuja sufuria, mashine ikawa inapanga na kupangua, inapanga na kupangua, hadi haina nguvu ya kufanya jingine. Dawa yake ilikuwa ndogo: sehemu ya kukunjia irudishwe kuwa nusu ya kumbukumbu, na mlango wa diski ufunguliwe, uwe wa akiba. Alikuwa ameshaifanya kwenye mashine ya Miangaly, na mchana kutwa haikuganda. Zilizobaki zilikuwa zimenakiliwa kutoka diski mama ya Tsilavo, na diski mama ya shemeji huigusi bila ruhusa yake.

Nikamwambia amwendee Tsilavo faraghani, amweleze, wamalize. Akaenda. Aliporudi alikuwa amenyong'onyea. Alikuwa amezunguka sana, akianzia kwa wazee na heshima ya ukoo, hata Tsilavo akadhani amekuja kuomba siku ya harusi isogezwe. Akamjibu kwamba hilo ni la baba, akampigapiga begani.

"Basi kesho mtaje," nikamwambia. "Sema namba aliyoiwekea mashine, ukae chini."

"Mzee, yule ni shemeji. Sijapewa mke bado, nimkosoe mbele za watu?"

Ijumaa wakakusanyika ghorofani. Mteja akatokea kwenye skrini, mwanamke mwenye haraka, hajui neno la lugha yetu. Mama Volatiana ndiye aliyemfasiria. Akauliza nani wa kujibu. Tsilavo akatazama dirishani. Lanto akasimama, akaweka mikono nyuma, akaanza kama alivyofunzwa na babu yake: yeye si wa kwanza bali ni mkia, waliomzidi umri wapo, lawama zote ni zake, kosa ni lake, wamwondolee, ndipo aseme.

Hakufika kwenye ndipo aseme. Mama Volatiana aliinua kiganja kumnyamazisha, akamgeukia mteja, akafasiri maneno matatu: kosa ni lake. Mteja akashukuru kwa ukweli huo. Akauliza kama hatua itachukuliwa. Mama Volatiana akasema imeshachukuliwa. Skrini ikazimwa.

Lanto alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Mama, unajua kabisa yale ni maneno ya kufungulia. Sijafika kwenye jambo lenyewe."

"Najua. Nimezaliwa mtaa huuhuu, nisijue?" Alikuwa akitafuta funguo mkobani. "Mteja alitaka mtu. Wewe ukajitoa, tena kwa adabu. Ningemtoa Tsilavo, nani angewasimamia wale wasichana? Kabati lako liache wazi."

Lanto alipopita kuchukua koti, mmoja wa wasichana akamwita Bwana Lawama, wengine wakacheka, na jina likashika. Tsilavo hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye mashine ya Miangaly, anainakili diski yake kwenda kwenye nyingine zote. Hakujua kilichobadilishwa ni nini. Aliona tu kwamba ile haigandi. Jumatatu chumba kizima kilikwenda kama mto, na Mama Volatiana akamsifu msimamizi wake.

Posa ilivunjwa na Tsilavo mwenyewe, kwa niaba ya ukoo. Alisema hawampi binti mtu aliyekiri mbele ya wageni kwamba ni mharibifu. Lanto akamsubiri Miangaly njiani, akamsihi aseme alichokiona, maana yeye alikuwepo hesabu zikisomwa. Miangaly alimsikiliza mpaka mwisho, radhi na lawama na vyote.

"Umesimama mwenyewe ukajipaka matope," akamwambia, "sasa unataka nguo nikufulie mimi. Nitakufuliaje, na kaka ndiye anayeniandikia zamu?"

Nikamchukua Lanto dukani kwangu. Fundi mzuri asiye na pa kwenda hupatikana kwa bei nzuri, na hakubishana.

Mvua zilipoanza, umeme ulikatika mtaa wa Ambohipo, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza diski za mashine zote za nyumba ile. Tsilavo akanunua nyingine kwangu, akazinakili kutoka diski mama ya zamani iliyokuwa kwenye droo ya meza yake. Kufumba na kufumbua, mashine zikaganda. Mteja akatoa onyo la mwisho.

Akaja dukani amelowa, kofia mkononi, akapita mbele ya wateja wangu wote hadi kwenye meza ya Lanto.

"Shemeji," akasema. Neno hilo hakuwa amelitumia tangu posa ivunjike. "Mimi ni mtu mzima, lakini nimekuja. Ile mashine ya Miangaly ulibadilisha nini?"

Lanto aliweka bisibisi chini, akasimama, akaweka mikono nyuma. Sijapata kumsikia akisema vizuri vile. Alianza na wazee waliolala, akaja kwa walio hai, akamsifu Tsilavo kwa umri wake na ukoo wake, akasema yeye ni mkia usiostahili kutangulia kichwa, lawama zote ni zake na kosa ni lake. Wateja waliacha kununua wakamsikiliza. Tsilavo alikuwa akiitikia kwa kichwa, akingoja, macho yamemtoka.

"Na baada ya kuondolewa lawama," Lanto akamaliza, "ulichoniuliza, kaka mkubwa, sikijui."

Akakaa, akaokota bisibisi.

Mteja aliondoka kabla mwezi haujaisha. Wasichana walirudishwa makwao, Miangaly akiwa miongoni mwao. Mashine nilizinunua tena mimi, kwa uzito, kama vyuma chakavu. Lanto ndiye aliyezipokea mlangoni. Ile ya Miangaly aliitambua kwa kibandiko cha ua, akaifungua, akang'oa vinavyofaa, akaenda kwenye inayofuata.