Vidole Vitatu vya Mtani Wangu

Mimi ni Mnyiramba, na mdomo wangu haujui kukaa kimya. Nalisema mapema, nisije nikaonekana najitetea.

Nilikuwa karani kwenye kinu cha kukamua alizeti pale Shelui. Napima magunia ya wakulima, naandika majina, naita zamu. Aliyeendesha mashine alikuwa Msukuma wa rika langu. Wasukuma ni watani wetu, kwa hiyo mimi na yeye hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye akili zao. Akiingia asubuhi ananiuliza, "We mwanamke, bado hujafa tu?" Namjibu, "Nakusubiri utangulie, nije nile ubwabwa wa matanga yako." Basi kazi inaanza, na siku inakwenda vizuri.

Mashine ile ilikuwa na mkanda mrefu wa mpira kutoka kwenye mota, na mkanda ulitakiwa kufunikwa na bati. Msimu mmoja mkanda ulikuwa unachomoka kila saa, bati likatolewa ili tusipoteze muda, likaegemezwa ukutani. Halikurudi. Mtani wangu alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye kinu kikubwa huko kwao, akawa anasema kila mara, "Jamani, lile bati lirudishwe. Sheria inataka mkanda ufunikwe." Nami nikamdaka mbele ya wakulima: "Loo! Msukuma mzima, mafahali wenye mapembe huwaogopi, unaogopa mpira?" Watu wakaangua kicheko. Mtani hakasiriki, na yeye akacheka. Lakini habari ya bati hakuitaja tena. Tajiri wetu hakuhitaji hata kumkatalia, maana mimi nilikuwa nimeshamnyamazisha bure.

Siku yenyewe msimu ulikuwa umepamba moto, foleni ya magunia imefika barabarani. Mbegu zikakwama kwenye mdomo wa mashine, kando kabisa ya mkanda. Akasema anazima. Nikapaza sauti, "We mtani! Ukizima utawakamulia hawa watu kwa meno?" Wakacheka. Akacheka na yeye, akaokota kijiti, akaingiza mkono mashine ikizunguka. Mkanda ukadaka shati. Ukelele wake siukumbuki. Nakumbuka kicheko cha watu kilivyochelewa kuisha.

Tulimpeleka hospitali Kiomboi kwa gari la tajiri, mkono nimeuzungushia khanga yangu. Tajiri akanipigia simu njiani. "Useme kaumia nyumbani. Hamjasajiliwa kwenye mfuko wa fidia. Wakaguzi wakija hapa kinu kinafungwa, na wewe kazi huna." Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nikaitika, "Sawa bosi," upesi kuliko nilivyowahi kumwitikia mtu yeyote.

Daktari alipouliza nikajibu, "Nyumbani kwake, kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe." Mtani alikuwa amefumba macho kwa maumivu. Akayafumbua, akanitazama. Nilidhani atanipinga. Akasema kwa sauti ndogo, "Andika anavyosema, daktari. Huyu ni mtani wangu, hawezi kunitupa." Naandika haya na uso unaniwaka.

Vilikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, vikabaki gumba na kile cha mwisho. Tajiri alimpelekea mbuzi na mchele, akatangaza kwamba yamekwisha kifamilia. Kazini akaletwa mtu mwingine. Bati lilirudishwa siku ileile ya ajali, kimya kimya. Kumbe lilikuwa linahitaji skrubu nne tu!

Baada ya miezi kadhaa mtani alikuja kwangu na cheti cha hospitali kwenye mfuko wa nailoni. Jembe halishiki, ng'ombe hakamui, watoto wake wanamwangalia yeye. Alikuwa ametoka Singida kwa afisa wa kazi.

"Wameniambia hata kama nilikosea mwenyewe, maadamu niliumia kazini, fidia ni haki yangu," alisema. "Na kutosajiliwa si kosa langu, atabanwa tajiri. Lakini cheti kinasema nyumbani, na muda wa kudai unakaribia kwisha. Wanataka shahidi aliyekuwepo. Mtani, ni wewe."

Ningesema ndiyo, basi. Neno moja. Lakini woga ulinishika, nikakimbilia kule nilikozoea kukimbilia. "Aa, mtani! Vidole si umevila mwenyewe na ugali? Leo unavitafuta kwangu?"

Hakucheka. Alisimama, akausokomeza ule mfuko kwapani. "Asante, mama. Kwaheri."

Mama! Miaka yote ile hajawahi kuniita hivyo. Tangu siku hiyo tukikutana njiani ananisalimia kwa adabu zote: "Habari za asubuhi, mama? Watoto hawajambo?" Nikamrushia, "We, bado hujafa tu?" Akajibu, "Mungu anasaidia, mama," akapita. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, vidole vikaenda vya mwenzangu.

Nilivumilia wiki mbili. Jumapili moja nikaenda kwake, nikamwambia, "Kesho twende Singida." Kesho yake nikayatoa yote mbele ya afisa, mtani ameketi pembeni yangu: bati, simu ya tajiri, uongo niliompa daktari. Afisa akauliza, "Nani alimzuia asizime mashine?" Nikasema, "Mimi." Akauliza tena, ili aandike vizuri. Nikasema tena.

Tajiri alinifukuza wiki hiyohiyo, na sikuwa na uso wa kulalamika.

Fidia ilipopitishwa, mtani alikuja mwenyewe kuniambia. Sasa atalipwa kila mwezi. Nilisimama mlangoni nikingoja anitukane. Anicheke kwa kukosa kazi, aniite mchawi, aniulize walau kama bado sijafa. Alinipa mkono wa kulia, gumba na kidole cha mwisho vikanishika.

"Nashukuru sana, mama," alisema. "Mungu akubariki."