Chai Iliyokomaa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchuma vizuri mno. Siku niliyokabidhiwa shamba la chai la bibi, huku Lufingo, karibu na Tukuyu, nilichuma majani mawili na chipukizi tu, kama nilivyojifunza mwenyewe kwenye simu. Kwenye banda la kupimia, karani alichota konzi moja kutoka kapu langu akawaonyesha waliokuwa kwenye foleni.

"Mmeona? Nyie mnaniletea mboga."

"Huyo si mchumaji, ni profesa," mama mmoja akasema, wakacheka.

Nilirudi nyumbani na furaha ambayo kufika jioni ilikuwa imegeuka hofu. Mara ya pili ningepeleka nini?

Bibi aliniachia shamba kwa sababu mgongo ulimkatalia. Baba mdogo alitaka chai ing'olewe, yapandwe maparachichi kama kwa majirani. Bibi akamwomba msimu mmoja: nikiliweza, chai ibaki.

Chai haimsubiri mtu. Mvua zikichanganya, jani hukimbia, na ukichelewa kidogo linakomaa, linakuwa gumu kama ngozi, karani analirudisha. Nilijua yote hayo. Kila asubuhi nilivaa mabuti, nikabeba kapu, nikasimama mwanzo wa mstari, mikono ikakataa. Leo sina wepesi, niliwaza. Nikichuma leo nitaharibu. Nikarudi ndani kutazama tena namna ya kukunja vidole.

"Mjukuu wangu, leo unaingia?" bibi aliuliza kutoka barazani.

"Kesho, bibi. Majani yameloa."

"Ya Tukuyu yalikauka lini?"

Alicheka, nami nikacheka, na sikuingia. Kadiri chai ilivyozidi kurefuka ndivyo kuianza kulivyozidi kuwa kugumu, maana sasa nilikuwa na aibu ya kuchelewa juu ya ile hofu. Watu walidhani ni uvivu. Laiti ungekuwa uvivu, ningelala. Nilikuwa silali, nachoka kuliko wanaochuma.

Baba mdogo alipokuja, chai ilikuwa imenifika kifuani. Nilimwamkia. Akaitikia huku akiitazama.

"Mwanangu, hii ni chai au uzio?"

Akasema Jumamosi anakuja na vijana wenye majembe, wataing'oa kuanzia juu ya mteremko.

Kesho yake nilimkuta bibi ndani ya shamba, fimbo ameiegemeza kwenye kichaka. Alikuwa anavunja yale majani magumu na kuyatupa chini, kati ya mistari.

"Bibi, unayatupa?"

"Utayauza wapi? Yakitoka, yanachipua mengine."

"Nilitaka nikuchumie vizuri."

"Mimi nilitaka uchume tu," alisema, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Akajishika kiuno. "Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa, "ingia huko."

Niliingia. Nilivunja vibaya, vichaka vikabaki na vijiti vimesimama kama nywele zilizonyolewa gizani. Nilitamani kurudia kila kichaka. Bibi alikuwa mstari wa pili akihema, kwa hiyo sikuthubutu kusimama. Tulianzia chini, karibu na nyumba, kwa sababu yeye asingeweza kupanda. Mpaka Jumamosi tulikuwa hatujafika hata katikati.

Vijana wakaja. Waling'oa kuanzia juu, na walipofika tulipoishia, baba mdogo akatazama yale machipukizi madogo yaliyoanza kujitokeza, akamtazama mama yake, akawaambia inatosha. Bibi aliokota mzizi mmoja akaenda nao jikoni, uwe kuni.

Mashimo ya maparachichi yako juu sasa. Kila yakijaa maji ya mvua nayaona kutoka dirishani, na siwezi kuyafanya kitu.

Chai iliyobaki ni ile ya chini. Asubuhi za kuchuma bado nasimama mwanzo wa mstari nikiogopa, lakini naingia kabla bibi hajauliza. Karani hunirudishia sehemu ya majani mara nyingi. Nayamwaga, napeleka yaliyobaki kwenye mzani, na mzunguko wa kuchuma ukifika naenda tena.