Masikio ya Shangazi Kabula

Juzi hospitalini Bariadi nilimwona mtoto mwenye uso wa marehemu shangazi Kabula: mdomo mpana, macho ya kumchangamkia kila mtu. Mama yake akaniambia ni hali adimu ya vinasaba, mtoto huzaliwa nayo.

Shangazi hakuweza kutenganisha pamba safi na pamba fifi, ile chafu. Lakini wanunuzi binafsi walipoanza kuja kwetu Lingeka, alikuwa akiziba masikio na kutaja lori la nani linakuja, kabla hata vumbi halijaonekana. Bibi alisema mizimu inamnong'oneza. Mimi niliamini anayaita malori.

Alasiri moja tulikaa juu ya lundo la pamba lenye joto, linalonuka dawa. Baba, aliyekuwa utingo wa lori, hakuwa amerudi tangu palizi.

"Shangazi, liite lori la baba."

"Nitalisikiliza," akasema, akashusha mikono kutoka masikioni.

Malori yakapita yakinguruma. "Si lenyewe," alisema kila mara, machozi yakimtoka. Nilidhani anajua kwamba baba harudi.

"Kelele kwa wenye hali hii ni kama kuchomwa sindano masikioni," yule mama aliniambia juzi.

Alasiri ile Shangazi hakuyaziba masikio yake mpaka jua likazama.